Maswali ya Wasomaji: Sindano, Vijiti na Tarehe Inayosahaulika

Barua za mwezi huu zimetoka vijijini karibu zote, na nyingi ni za uzazi wa mpango. Si ajabu. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2016 ulikuta mwanamke wa kijijini Uganda akizaa wastani wa watoto 5.9, na mwenzake wa mjini 4.0. Kati ya walioolewa, asilimia 28 walitaka kupumzika au kuacha kuzaa lakini hawakuwa na njia yoyote mkononi. Barua hizi zinaonyesha pia shida ya wale ambao njia wanayo: walipewa, wakaruhusiwa kwenda, na maelezo yakabaki kituoni. Wanaojibu ni wauguzi na wakunga wa safu hii.

Nilipewa sindano ndogo nijichome mwenyewe nyumbani. Mkunga alinionyesha harakaharaka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Siku imekaribia na nimesahau nusu ya aliyosema. Nikikosea itakuwaje? – Mama Watatu, Koboko

Mama Watatu, hiyo ni Sayana Press. Dawa iliyomo ni ileile ya Depo-Provera, sindano ya kawaida ya miezi mitatu, ila ni miligramu 104 badala ya 150, na inaingia kwenye mafuta chini ya ngozi, haifiki kwenye msuli. Ndiyo maana sindano yake ni fupi na mtu anaweza kujichoma. Wilayani Mubende wanawake 380 walifundishwa kujichoma katika utafiti. Miezi mitatu baadaye karibu tisa kati ya kila kumi walifanya sawasawa wenyewe. Wewe pia utaweza, ila usiruke hatua.

Nawa mikono kwa sabuni uiache ikauke. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye pakiti kabla hujaichana. Kifaa kina sehemu tatu: kifuko laini chenye dawa, shingo ngumu katikati, na sindano yenye kifuniko. Kishike shingoni siku zote, kwa maana ukikishika kifukoni utaiminya dawa kabla ya wakati. Kitikise kwa nguvu kwa sekunde 30. Dawa hii ikikaa hutuama chini kama unga wa muhogo ndani ya maji, kwa hiyo tikisa mpaka iwe nyeupe kote kama maziwa. Ukiitwa nje kidogo ukarudi, tikisa tena.

Sasa ile hatua inayowashinda wengi. Elekeza sindano juu. Mkono mmoja ushike shingo, mwingine ushike kifuniko, kisha visukume vikutane kwa nguvu mpaka pengo lililo kati yake lizibike kabisa. Ndani ya shingo dawa imezibwa, na ni msukumo huo unaoifungulia njia. Ukisukuma nusunusu, utavuta kifuniko, utajichoma, utaminya kifuko, na hakuna kitakachotoka. Watu husema kifaa ni kibovu wakakitupa, kumbe hakikufunguliwa. Hakikisha pengo limeziba, ndipo uvute kifuniko.

Chagua tumbo, mbali na kitovu, au upande wa mbele wa paja. Ngozi safi inatosha. Ifinye kwa vidole inuke kama kinundu, halafu ingiza sindano yote kwa mkupuo mmoja, ikielekea chini kidogo, mpaka shingo iguse ngozi. Kuielekeza chini kuna sababu: kile kiputo cha hewa hubaki juu kifukoni na dawa hutangulia kutoka. Shingo isipogusa ngozi, dawa huvujia nje. Minya kifuko polepole huku ukihesabu mpaka saba. Matone machache yakibaki ndani si kitu. Toa sindano kwanza, kisha ndipo uachie ngozi, na usisugue mahali hapo.

Ukiona dawa nyingi imemwagika, usijichome nyingine juu yake kwa kukisia. Tumia kondomu na uende kituoni, au umwite mhudumu wa timu ya afya ya kijiji, wale tunaowaita VHT.

Kuhusu kuhifadhi: nyuzi joto 15 hadi 30. Mwezi wa pili huko kwenu, juu ya kabati karibu na bati si mahali pa dawa. Iweke chini, ndani ya sanduku, watoto wasipofika. Friji haihitajiki. Sindano iliyotumika itie kwenye kopo gumu lenye mfuniko, hata lile la mafuta ya kujipaka, na likijaa limpelekee mhudumu. Usiitupe shambani wala kwenye shimo la taka. Atakayeikanyaga hatajua ilikuwa ya nini.

Nilichelewa sindano kwa wiki tatu kwa sababu ya mvua na barabara. Nesi alikataa kunichoma, akasema nirudi nikiwa kwenye hedhi. Mimi tangu nianze sindano hedhi siipati. Nifanye nini? – Aliyerudishwa, Busia

Dada, ulipaswa kuchomwa siku ileile. Kuchelewa hadi wiki nne kunaruhusiwa bila kupimwa wala kuulizwa mengi. Hata kuwahi kunaruhusiwa, mpaka wiki mbili kabla.

Chukua kalenda tuhesabu. Ukichomwa tarehe 5 Februari, siku yako ya kurudi ni 5 Mei. Ukiona mahindi yatakubana mwezi huo, au una safari, unaweza kwenda kuanzia tarehe 21 Aprili. Ukipitiwa, mlango bado uko wazi mpaka tarehe 2 Juni. Tarehe hizi tatu ziandikwe zote kwenye kadi: ya kuwahi, yenyewe, na ya mwisho. Kadi nyingi huandikwa moja tu, na mama akiipita anadhani mambo yameharibika, anakaa nyumbani, na hapo ndipo mimba inapoingia. Usihesabie kwa hedhi, kwa sababu sindano yenyewe huivuruga hedhi. Hesabia kwa kitu kisichohama: soko la mwezi, au siku ya kadi ya chanjo ya mtoto kama zinalingana.

Ukivuka wiki nne je? Bado si lazima usubiri damu. Mhudumu ana maswali sita, na ukijibu "ndiyo" kwa mojawapo, na huna dalili za mimba, anaweza kuwa na hakika ya kutosha kwamba hujapata. Je, una mtoto wa chini ya miezi sita, ananyonya maziwa yako tu au karibu tu, na hedhi haijarudi? Je, tangu hedhi ya mwisho au tangu ujifungue hujakutana na mwanamume? Je, umejifungua ndani ya wiki nne zilizopita? Je, hedhi yako ya mwisho ilianza ndani ya siku saba zilizopita? Je, mimba ilitoka ndani ya siku saba zilizopita? Je, umekuwa ukitumia njia ya kuaminika bila kukosea? Ukikosa "ndiyo" hata moja, kuna kipimo cha mkojo. Ukichomwa baada ya kuvuka wiki nne, tumia kondomu kwa siku saba. Na kama ulikutana na mume ndani ya siku tano zilizopita, uliza pia vidonge vya dharura. Hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa ndani ya saa 72, lakini hadi saa 120 bado vina maana.

Hiyo ya "rudi ukiwa kwenye hedhi" ni mazoea ya zamani ambayo hayajafa. Ukiambiwa tena, omba kwa heshima uulizwe yale maswali sita. Orodha yake ipo katika vituo vingi, mara nyingine imebandikwa ukutani nyuma ya mgongo wa anayekukataza.

Tangu nianze sindano, miezi mitatu ya kwanza damu ilitoka vitonevitone, sasa imekata kabisa. Mama mkwe anasema inajikusanya tumboni na itageuka uvimbe. Pia anasema sitazaa tena. – Mke wa Pili, Yumbe

Mama mkwe ana wasiwasi na wewe, usimjibu vibaya. Mweleze hivi. Kila mwezi mfuko wa uzazi hujitandikia kitanda kwa ajili ya mimba. Mimba isipoingia, matandiko hutolewa nje, na hayo ndiyo hedhi. Sindano huzuia yai lisipevuke, na kitanda nacho hakitandikwi vizuri. Mwanzoni hutandikwa vipandevipande, ndiyo ile damu ya vitone. Baadaye hakitandikwi kabisa, na kisichotandikwa hakina cha kutolewa. Hakuna damu inayosubiri mahali. Baada ya mwaka mmoja wa sindano, karibu nusu ya wanawake hukosa hedhi kama wewe.

Cha kukupeleka kituoni ni kinyume chake: damu inayozidi siku nane, au inayotoka mara mbili ya kawaida yako. Zipo dawa za siku chache za kuituliza, na utaangaliwa upungufu wa damu. Usikae nayo ukisubiri tarehe ya sindano. Uzito nao huongezeka kwa wengine, kilo moja au mbili kwa mwaka.

Kuzaa tena utazaa, ila hapo mama mkwe ana chembe ya ukweli ambayo wahudumu wengi husahau kuisema. Sindano huchelewa kutoka mwilini. Wanaoacha sindano hushika mimba kwa wastani miezi kama minne nyuma ya walioacha njia nyingine, yaani kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho. Kwa hiyo anayetaka mtoto mwakani asianze sindano leo. Achukue kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, koili ya mfuko wa uzazi, au vidonge. Hizo ukiziacha uwezo wa kushika mimba hurudi upesi.

Nimegundua mke wangu anatumia uzazi wa mpango bila ruhusa yangu. Kituo kilimpaje dawa bila saini ya mume? – Baba wa Sita, Kasese

Bwana, mwongozo wa serikali ya Uganda kuhusu huduma hizi hautaki ruhusa ya mume, ya maneno wala ya maandishi. Muuguzi aliyempa hakuvunja kanuni. Angemdai saini ndipo angekosea.

Hatujui kwa nini hakukwambia, wewe ndiye unayeweza kujua. Tunachokuomba ni kimoja cha vitendo: usimkataze katikati ya dozi wala usimpeleke kwa mtu wa kumkata mkono akitoe kijiti. Siku ya kurudi, nendeni wote wawili. Mwambie mkunga una maswali. Kama unaona mzigo wote uko kwake, uliza pia kuhusu kufunga mirija ya mwanamume. Ni upasuaji mdogo wa dakika zisizozidi nusu saa, kwa ganzi, na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Korodani haziguswi, nguvu haipungui, shahawa hutoka kama kawaida ila hazina mbegu. Kinachowaponza watu ni haraka: mbegu zilizokwisha pita bado zimo njiani, kwa hiyo kondomu itumike miezi mitatu kamili baada ya upasuaji. Wanaume wanaolalamika kwamba "ilishindwa" mara nyingi hawakungoja miezi hiyo. Ni njia ya kudumu, usiifanye kwa hasira.

Mimi ni VHT. Ninao wanawake 18 wa sindano. Nikienda kuchukua dawa naambiwa zimeisha, na kuna watu kijijini wanaosema mtu asiyesomea uuguzi hana ruhusa ya kuchoma. – Mhudumu, Isingiro

Tuanze na hilo la ruhusa. Mwaka 2004 wilaya ya Nakasongola ilijaribu kuwafundisha wahudumu wa kijiji kuchoma sindano za uzazi wa mpango, na matokeo hayo ndiyo yaliyofungua njia hata serikali ikabadili sera. Aliyefundishwa, akasimamiwa na kituo, anaruhusiwa. Ambaye hakufundishwa haruhusiwi, hata akiwa na sindano nyumbani.

Sasa hesabu ya dawa. Wanawake 18, kila mmoja dozi moja kwa miezi mitatu: ni dozi 6 kwa mwezi. Hapo ndipo wengi hukosea, wanaomba 18 kila mwezi au wanaomba 6 bila akiba. Bohari Kuu ya Dawa ya taifa hupeleka dawa vituoni kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo unahitaji 12 za mzunguko na 6 za akiba ikichelewa: jumla 18 mkononi kila mzunguko unapoanza. Ukibaki na 6, usingoje ziishe, nenda siku hiyo. Lakini usigawe kwa wastani tu, angalia tarehe. Kama 11 kati ya 18 walianza pamoja siku ya kampeni, basi 11 watarudi wiki moja, na akiba yako italia. Tumia ile nafasi ya kuwahi wiki mbili na kuchelewa wiki nne kuwatawanya taratibu.

Halafu daftari. Andika waliochomwa, na andika pia waliorudi mikono mitupu. Vituo vya daraja la pili na la tatu hupokea dawa kwa kifurushi kilichopangwa mapema, havijazi oda yao kila mara kama cha daraja la nne. Kifurushi hicho hupangwa kwa matumizi yaliyoripotiwa. Mwezi dawa zilipoisha, ripoti ya kila mwezi, ile fomu 105 ya HMIS (mfumo wa taarifa za afya), huonyesha waliochomwa wachache, na anayeisoma huko juu anaweza kudhani wanawake wamepungua, akakata zaidi. Orodha yako ya waliokosa ndiyo ushahidi pekee kwamba hawakupungua. Mpe msimamizi wa kituo kila mwisho wa mwezi, na nakala ubaki nayo.

Dawa zikikosekana kabisa, usimrudishe mtu na maneno tu. Mpe kondomu za kutosha, na kama hana kizuizi cha kiafya mpe vidonge vya kushikilia mpaka sindano ifike.

Kijiti changu cha miaka mitatu kimepitiliza. Kuna mganga anayekitoa kwa wembe kwa elfu kumi. – Mwenye Kijiti, Mayuge

Hapana, tafadhali. Kituoni kukitoa ni bure kama kukiweka, kituo kikiwa cha serikali, na ni haki yako hata kabla ya muda kuisha, bila kutoa sababu. Anayekitoa kwanza hukipapasa. Asipokigusa kwa vidole hapasui, anakutuma hospitali. Implanon NXT ya kijiti kimoja huonekana kwenye picha ya eksirei, hivyo hakipotei. Wembe wa mganga haujui mshipa uko wapi, na mara nyingi hukata kijiti vipande viwili, kimoja kikabaki. Piga simu kwanza uulize ni siku gani aliyefundishwa kutoa yupo, kwa maana vituo vingi vina wa kuweka kuliko wa kutoa. Kwa sasa tumia kondomu. Vijiti viwili vya Jadelle ni miaka mitano, usivichanganye na cha kwako.

Nameza ARV. Naweza kuweka kijiti? – Bila jina, Nakivale

Soma jina kwenye kopo. Ukiwa na dolutegraviri, ambayo ndiyo wengi wanayo sasa, weka bila wasiwasi. Ukiwa bado kwenye efavirenzi, kijiti hupungua nguvu na mimba zimewahi kupita. Vilevile ukianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini. Katika hali hizo mbili sindano au koili haziathiriki. Kondomu iendelee kwa vyovyote, maana hizo nyingine zote hazizuii maambukizi.

Zahanati ya misheni karibu nasi haitoi sindano, inatoa shanga. Zinafanya kazi? – Mkatoliki, Hoima

Zinafanya kazi kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32, mwenye mume anayekubali kusubiri. Ni mkufu wa kuhesabia siku za mzunguko, wenye shanga 32 na mpira mdogo wa kusogeza. Siku hedhi inapoanza, vuta mpira hadi kwenye nyekundu, kisha sogeza shanga moja kila siku. Za kahawia hakuna hofu. Nyeupe ni 12, siku ya 8 mpaka ya 19, na hizo ndizo za kujizuia au kuvaa kondomu. Hedhi ikija kabla ya ile shanga ya kahawia iliyokoza, mzunguko wako ni mfupi mno. Shanga zikiisha na hedhi isije kesho yake, ni mrefu mno. Ikitokea mara mbili ndani ya mwaka, tafuta njia nyingine. Tia alama kwenye kalenda pia, kwa sababu watoto hupenda kuzichezea shanga, na mpira ukisogezwa hakuna atakayekumbuka ulikuwa wapi.